Mbwa mchanga, paka mzee: nani akatiwe bima?

Swali: Daktari, salamu. Nina mbwa jike aina ya Labrador, ana mwaka mmoja na nusu, na paka dume wa miaka 11 ambaye mwaka jana alipimwa akakutwa na ugonjwa wa figo. Kampuni ya bima imenipa bei ya kuwakatia wote wawili. Mume wangu anasema huko ni kutupa pesa, bora kiasi hichohicho tukiweke benki kila mwezi. Mimi naogopa siku ukija ugonjwa mkubwa tutashindwa. Mbwa hajawahi kuugua, ila miezi michache iliyopita alichechemea mguu wa nyuma siku kadhaa, akapewa dawa ya maumivu, akapona. Je, bima hii inastahili gharama yake?

Jibu: Dada, nianze na uamuzi wangu halafu nikupe sababu. Mbwa mkatie bima, lakini usisaini chochote kabla habari ya ule mguu haijawekwa sawa, na si kila mkataba utakufaa. Kwa paka, shemeji yuko sahihi: wekeni akiba. Wanyama wako wawili wamekaa pande mbili tofauti za mstari, na ukishauelewa huo mstari utaweza kuupima mkataba wowote utakaoletewa, hata huu nisiouona.

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu bima hutaka kujua kama pesa yao itarudi. Kwa wastani hairudi yote, na haiwezekani irudi yote. Kampuni inakusanya ada kwa wenye wanyama wengi, inalipa madai, inalipa mishahara na mawakala na kodi, kisha inabakiza faida. Ukijumlisha wateja wote pamoja, wamelipa zaidi ya walichopokea. Hapo shemeji ana hoja. Lakini wewe si wateja wote pamoja. Wewe una mbwa mmoja, na mbwa huyo ama ataumwa sana ama hataumwa. Kwa hiyo jiulizeni hivi: ikija bili kubwa wiki ijayo, mtailipa na nini? Kama jibu ni "tunayo akiba, itatuuma lakini maisha yataendelea," bima ya nini tena? Kama jibu ni kukopa kwa riba, kuuza kitu mnachokitegemea, au kukubali mnyama achomwe sindano ya kumpumzisha ilhali ugonjwa wake unatibika, basi ada ya kila mwezi inanunua kitu cha kweli.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nilichukulie swali lako kwa uzito. Kila daktari wa wanyama analijua. Paka dume analetwa usiku mkojo umeziba. Tumbo limekaza, analia akiguswa, ameingia kwenye sanduku la mchanga mara nyingi tangu asubuhi na hajatoa hata tone. Mkojo usipopata njia, potasiamu inapanda kwenye damu mpaka moyo unavurugika mapigo, na ndani ya siku mbili tatu anaweza kufa. Tiba ipo na mara nyingi inafaulu: dripu, dawa ya usingizi, mpira mwembamba wa kuzibua njia, kulazwa siku kadhaa. Mwenye paka anasimama mbele ya kaunta na makadirio ya gharama mkononi, anauliza kama tunaweza kuruka vipimo vya damu, kama anaweza kulala usiku mmoja badala ya mitatu, kama tunapokea nusu leo. Halafu ananyamaza. Mnyama anayekufa hapo anakufa kwa kukosa pesa, na aliyempenda anaondoka akijilaumu. Kuzuia usiku wa namna hiyo ndiyo kazi halali ya bima. Ukiinunua kwa matumaini mengine, utajuta.

Sasa hesabu. Sijui unatumia pesa gani, kwa hiyo nitatumia ada ya mwezi mmoja kama kipimo. Nikisema ada 10, maana yake ni ada ya mwezi mara kumi.

Labrador akiishi miaka 12 ndani ya bima, na ada isipande hata senti, utalipa ada 144. Ila ada hupanda. Hupanda kwa sababu mnyama anazeeka, kwa sababu gharama za matibabu zinapanda, na kwa baadhi ya kampuni kwa sababu ulidai mwaka uliopita. Chukua mfano wa kupanda kwa asilimia 8 kila mwaka: jumla ya miaka 12 inafika kama ada 228 za leo, na katika mwaka wa 12 unalipa kila mwezi mara 2.3 ya ulichoanza nacho. Wengi hawaioni hesabu hiyo siku ya kusaini. Bei uliyopewa leo ni bei ya mbwa wa mwaka mmoja na nusu. Waulize wakuonyeshe wanamtoza nini leo Labrador wa miaka 10 mwenye mkataba uleule. Swali hilo moja litakueleza zaidi ya karatasi zao zote za matangazo, na kama bei ya mbwa mzee hutaiweza, ujue sasa, maana utalazimika kuacha bima umri uleule anaoanza kuihitaji zaidi.

Tuje kwenye akiba ya shemeji. Mkianza leo kuweka ada moja kila mwezi, baada ya mwaka na nusu mtakuwa na ada 18. Tuseme mbwa akakatika kano ya goti wakati huo na upasuaji pamoja na picha, dawa na marudio unafika ada 70. Akiba imepungukiwa mbali. Mambo hayohayo yakitokea mwaka wa nane, mnazo ada 96, mnalipa na zinabaki. Udhaifu wa akiba ni wakati: inashindwa miaka ya mwanzo, inashinda baadaye, na hakuna anayekuhakikishia ugonjwa utasubiri ijae. Udhaifu wa pili ni sisi wenyewe. Pesa iliyo benki inaitwa na kila shida ya nyumbani, na shida nyingine zina haki zaidi ya mbwa. Kama nyumba yenu ina nidhamu ya kutoigusa, na tayari mna kitu kilichokaa pembeni, akiba ni njia nzuri sana na mkiwa na bahati pesa inabaki yenu. Kama mnaanza kutoka sifuri, mbwa mchanga hana kinga kwa miaka kadhaa.

Na kwa Labrador miaka hiyo si mitulivu. Mbwa hawa wana mwelekeo wa matatizo ya nyonga na viwiko, kano ya goti huchakaa na kukatika, na mzio wa ngozi kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3, umri alionao wako. Halafu kuna ulafi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba Labrador wengi, takribani robo yao, wamebeba hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayohusiana na njaa isiyotulia na uzito kupita kiasi. Mbwa mwenye njaa hiyo humeza soksi, magunzi ya mahindi, vifuniko vya chupa. Gunzi likikwama kwenye utumbo, anafunguliwa tumbo siku hiyohiyo au anakufa. Kwa hiyo nikipima hatari ya mbwa wako, naiona iko juu ya wastani. Angekuwa koko mwenye afya, wa damu mchanganyiko na mwili wa wastani, ningesitasita zaidi kabla ya kukushauri ulipe. Angekuwa bulldog wa Ufaransa anayekoroma akiwa macho, au dachshund mwenye mgongo mrefu, nisingesita hata kidogo, ingawa kampuni nazo zinajua na ada yao ingekuwa kubwa.

Hujaniambia kama amefungwa kizazi. Uswidi, ambako mbwa walianza kukatiwa bima mwaka 1924 na ambako mbwa wengi wana bima hadi leo, kumbukumbu za madai zimewapa watafiti picha ambayo hospitali peke yake isingeweza kuitoa. Moja ya waliyoyaona ni kwamba karibu robo ya majike ambao hawajafungwa kizazi hupata usaha ndani ya kizazi kabla ya kutimiza miaka 10. Ni ugonjwa wa hatari, na upasuaji wake wa dharura huwa ghali kuliko kumfunga kizazi akiwa mzima. Kwa Labrador wakati wa kufanya hivyo una mjadala wake kwa sababu ya viungo, zungumza na daktari wako, lakini usiliache bila uamuzi. Kuna maradhi ambayo kuyazuia ni nafuu kuliko kuyakatia bima.

Turudi kwenye mguu, maana hapa ndipo nina wasiwasi na wewe.

Karibu kila mkataba wa bima ya wanyama unakataa maradhi yaliyokuwapo kabla ya bima kuanza. Watu husikia hivyo wakafikiri ni maradhi yaliyopewa jina na daktari. Soma tafsiri iliyomo ndani ya mkataba. Kwa kawaida inasema hali yoyote iliyoonyesha dalili, iwe imetambuliwa au haijatambuliwa. Dalili. Kuchechemea ni dalili. Siku utakapoleta dai la goti, mtu wa kampuni ataomba faili lote la mbwa tangu akiwa kinda, atapekua, na atakuta mstari wa ile siku: "Anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto, amepewa dawa ya maumivu siku 5." Hakuna sababu iliyoandikwa, hakuna goti lililopimwa, hakuna marudio. Kwake mstari huo unatosha kusema tatizo la goti lilianza kabla.

Na haliishii mguu huo. Mikataba mingi ina kifungu cha viungo vya pande mbili: kama upande mmoja ulikuwa na tatizo kabla ya bima, upande wa pili nao hautalipwa. Magoti, nyonga, viwiko, wakati mwingine macho na masikio. Hawakukitunga bure. Kwa mbwa, kano ya goti mara nyingi haikatiki kwa kuruka vibaya mara moja kama ya mcheza mpira. Huchakaa polepole, nyuzi kwa nyuzi, na mbwa wengi waliokatika upande mmoja hukatika na wa pili baadaye. Kwa hiyo mstari mmoja wa faili unaweza kukutoa kwenye fidia ya magoti yote mawili, na magoti ni mojawapo ya sababu kubwa za kumkatia bima Labrador.

Nenda kwa daktari aliyemwona, omba nakala ya faili, usome mwenyewe. Kisha mpeleke mbwa apimwe miguu ya nyuma vizuri: daktari amwone akitembea na akikimbia, ashike goti na kulijaribu kama linacheza mbele na nyuma, akunje na kunyoosha nyonga, na ikibidi apigwe picha. Alichokikuta akiandike. Kama ule mguu ulikuwa ni ukucha uliopasuka au mwiba, na daktari anakumbuka na ana ushahidi, ni haki yako faili liseme hivyo. Usimwombe aandike asichokiona wala afute alichoandika. Dai lililojengwa juu ya uongo huvunja mkataba mzima, na daktari mwenye heshima atakukatalia. Kama goti litakutwa lina tatizo, litakuwa jambo la kusikitisha lakini utakuwa umelijua mapema, na hesabu ya bima itabadilika kabisa.

Baada ya hapo iandikie kampuni. Watumie faili lote kabla ya kulipa, uwaulize ni hali gani wanazihesabu kuwa zilikuwapo kabla. Baadhi ya kampuni hufanya mapitio hayo mteja akiomba. Baadhi pia huhesabu tatizo linaloponyeka kuwa limekwisha iwapo mnyama amekaa bila dalili wala dawa kwa muda uliotajwa, mara nyingi miezi 6 au 12. Ila magoti na nyonga wengi wao huyaacha nje ya msamaha huo. Ukipata jibu la maandishi kwamba magoti yamo, una bima. Ukipata jibu kwamba hayamo, una haki ya kuuliza kwa nini ulipe bei kamili.

Kuna na muda wa kusubiri. Mkataba ukianza leo, ugonjwa hulipwa baada ya siku kadhaa, kwa kawaida 14 hadi 30, na kwa magoti na nyonga kampuni nyingine huweka hadi miezi 6. Chochote kitakachotokea ndani ya muda huo nacho huhesabiwa kilikuwapo kabla. Marekani, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, kilipitisha mwaka 2022 sheria ya mfano inayoweka kikomo cha siku 30 kwa ugonjwa na kukataza kusubiri kwa ajali, na inayosema kampuni ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba hali ilikuwapo kabla. Lakini kila jimbo huamua lenyewe kuipitisha au la, na nchi nyingi hazina kitu cha namna hiyo. Pale ambapo sheria ipo kimya, mkataba ndio unaoamua, na uliandikwa na upande wa pili.

Sasa aina ya mkataba. Usiangalie bei kabla hujajua bima inamlipa mgonjwa wa kudumu kwa namna gani. Iko ya ajali peke yake: nafuu, inalipa mfupa uliovunjika na mara nyingi kitu kilichomezwa, hailipi mzio, kisukari wala saratani. Iko inayolipa kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipojitokeza, kisha inaufunga. Iko inayoweka kiasi kimoja kwa kila ugonjwa, kikiisha kimeisha. Na iko ya maisha yote, ambayo kikomo chake hujaa upya kila mwaka unapohuisha mkataba. Fikiria mzio wa ngozi ulioanza akiwa na miaka 2: kujikuna, masikio kuoza, dawa za kila mwezi hadi uzee. Bima ya miezi 12 italipa mwaka wa kwanza, kisha utabaki na mbwa mwenye ugonjwa ambao hakuna kampuni nyingine itaupokea. Ya maisha yote itaendelea kulipa, mradi hujakatisha. Ndiyo maana kwa mbwa mchanga sipendi kuona mtu ananunua ya kati kwa sababu ni nafuu kidogo. Ama chukua ya maisha yote, ama chukua ya ajali peke yake kwa bei ndogo ukijua kabisa ulichokinunua.

Na elewa kwamba chaguo hili ni gumu kulibadilisha. Ukihamia kampuni nyingine baada ya miaka mitatu, kila alichougua katika miaka hiyo kinakuwa "kilikuwapo kabla" kwa kampuni mpya. Ukisahau kulipa mwezi mmoja na mkataba ukakatika, unaweza kuanza upya na muda wa kusubiri juu.

Nikuonyeshe dai linavyohesabiwa, kwa sababu asilimia kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo huwadanganya watu. Bili ni ada 100. Mkataba unasema wewe unabeba ada 10 za kwanza, kisha wanalipa asilimia 80. Wakitoa kwanza zile 10, inabaki 90, asilimia 80 yake ni 72. Wewe umelipa 28. Wakipiga asilimia kwanza na kutoa 10 baadaye, unapata 70. Tofauti ni ndogo hapo, lakini uliza wanafuata utaratibu upi. Kubwa zaidi ni kikomo: kama kwa mwaka hawalipi zaidi ya ada 40, hizo asilimia 80 hazina maana tena, umebaki na 60 shingoni. Uliza pia kama kile kiasi unachobeba wewe ni cha mara moja kwa mwaka au cha kila ugonjwa, kwa sababu mbwa mwenye masikio, ngozi na goti kwa mwaka mmoja anaweza kukufanya ukibebe mara tatu. Na angalia kama wanalipa kulingana na bili halisi au kulingana na jedwali lao la viwango. Jedwali likisema upasuaji wa goti ni kiasi fulani, hicho ndicho, hata hospitali ikitoza mara mbili yake.

Jambo ambalo mawakala hulipita haraka: kwa mikataba mingi unailipa hospitali mwenyewe, kisha unadai na kusubiri kurudishiwa. Ukiwa kwenye kaunta usiku ule, kadi ya bima peke yake haimzibui paka. Baadhi ya kampuni huilipa hospitali moja kwa moja. Muulize daktari wako kama anapokea utaratibu huo na kutoka kampuni ipi. Kama hakuna, bado mnahitaji akiba au mkopo wa kuvukia wiki hizo. Hapo ndipo wewe na shemeji mnapokutana. Kwa mbwa wenu ningechagua mkataba wa maisha yote wenye kikomo kikubwa, na nikubali kubeba sehemu ya kwanza iliyo kubwa ili ada ishuke. Kinachookolewa kwenye ada kiende benki, mpaka ifike sehemu hiyo ya kwanza pamoja na ile asilimia 20. Bili ndogo za kuharisha na masikio lipeni mfukoni. Bima iachieni kazi ya yale ambayo hamwezi kuyabeba.

Nyongeza za chanjo, dawa za minyoo na kupe wanazokuuzia pembeni, jumlisha tu: bei ya nyongeza kwa mwaka upande mmoja, bei ya huduma hizo upande mwingine. Ni matumizi unayoyajua kabla, na mara nyingi hakuna unachookoa. Lakini chanjo zenyewe zisikose, na uhifadhi kadi. Mikataba mingi haitalipa parvo, ugonjwa wa virusi unaomtapisha na kumharisha mbwa hadi kufa, kama mbwa hakuchanjwa, na mingine hudai meno yaangaliwe kila mwaka ndipo madai ya meno yapokewe. Angalia pia kama ada ya kumwona daktari imo, maana wako wanaolipa dawa na vipimo wakaiacha hiyo nje.

Paka sasa. Nakuelewa unavyotaka naye apate kinga, hasa baada ya habari za mwaka jana. Lakini tazama utakachokuwa unakilipia. Akiwa na miaka 11, kampuni nyingi ama hazipokei paka mpya wa umri huo ama zinamtoza sana. Figo zitakuwa nje. Pamoja na figo vitatoka vile vinavyofungamana nazo: shinikizo la damu, upungufu wa damu, potasiamu kushuka, kukosa hamu ya kula, kutapika. Kwa paka mzee mwenye figo dhaifu, karibu kila kitakachokuleta hospitali kinaweza kuhusishwa na hizo figo. Kitakachobaki ndani ya bima ni ajali, baadhi ya saratani, labda tezi ya shingo, na wewe utakuwa unalipa ada ya mzee.

Tena mahitaji yake mengi yanajulikana. Chakula cha figo, ambacho bima nyingi hazilipi hata kwa mgonjwa aliyekubaliwa. Damu na mkojo kupimwa kila baada ya miezi michache kadiri daktari atakavyopanga. Shinikizo la damu kupimwa, kwa sababu likipanda bila kujulikana linaweza kumpofusha ghafla. Vidonge. Siku mbaya za kuwekewa dripu. Mwombe daktari wake akuandikie makadirio ya mwaka mzima, gawanya kwa 12, ongeza kidogo kwa ajili ya siku mbaya, na kiasi hicho ndicho kiwekwe benki kila mwezi kwa jina lake. Paka wengi wenye figo zilizogunduliwa mapema na kutunzwa huishi miaka kadhaa wakiwa na raha yao. Pesa yenu ikienda kwenye chakula na vipimo itamfaa kuliko ikienda kwenye mkataba usioutambua ugonjwa wake.

Mzungumze na shemeji pia, mkiwa mmetulia, kuhusu kiwango. Mko tayari kwenda mpaka wapi kwa huyu mzee? Kulazwa wiki nzima? Mrija wa kulishia? Ni bora swali hili lijibiwe sebuleni kuliko kwenye kaunta usiku wa manane, na kumpumzisha paka aliyefika mwisho bila maumivu kunaweza kuwa upendo mkubwa. Hilo halina uhusiano na kumkatisha uhai mnyama kijana anayetibika, na ni vizuri wote wawili mjue tofauti hiyo kabla.

Kwa mbwa, wiki hii: chukua faili, apimwe miguu, andikieni kampuni. Waulize habari ya mguu kwa jina lake na upande wake, kifungu cha viungo vya pande mbili, muda wa kusubiri kwa magoti na nyonga, bei ya Labrador wa miaka 10, na kama mkataba una siku za mwanzo ambazo unaweza kuuvunja na kurudishiwa pesa. Majibu yakija kwa simu, waambie wayatume kwa maandishi ndipo usaini.